UZI: Kannathil Muthamittal, filamu ya Kitamil iliyonirudisha kwa mama aliyenilea

Mwana wa Mbagala (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Onyo mapema: nasimulia mpaka mwisho. Filamu ni ya mwaka 2002, kama hujaiona hadi leo tusilaumiane.

Inaitwa Kannathil Muthamittal. Maneno hayo yametoka kwenye shairi la Subramania Bharati, mshairi wa Kitamil aliyefariki 1921. Ni mzazi anambembeleza bintiye: nikikubusu shavuni, moyo unalewa. Kaongoza Mani Ratnam, muziki kaweka A. R. Rahman. Wale mnaojiandaa kuandika "Wahindi bana na nyimbo zao", subirini. Kitamil si Kihindi. Ni lugha ya kusini, ya jimbo la Tamil Nadu, haina undugu na kile Kihindi tulichokua nacho kwenye vibanda umiza, na ndiyo lugha ya Watamil wa Sri Lanka vilevile. Usipolijua hilo filamu hii huipati, maana nusu ya hadithi iko upande huu wa maji na nusu upande wa pili.

Kisa chenyewe. Amudha ni binti wa miaka 9, wa Chennai, mtukutu, mdomo wake hauna breki. Ana baba, mama, babu, na wadogo wawili wa kiume. Baba anaitwa Thiruchelvan (Madhavan), ni mwandishi wa hadithi, na hadithi zake anazitoa kwa jina la mkewe, Indira (Simran). Siku Amudha anatimiza miaka 9 anaambiwa: sisi hatukukuzaa. Walimtoa Rameswaram, kwa wakimbizi wa Sri Lanka. Mama mzazi ni Shyama (Nandita Das), alivuka bahari na mimba akikimbia vita, akajifungulia kambini, kisha akarudi alikotoka kumtafuta mumewe. Kichanga akakiacha.

Sasa sikilizeni hii. Wakati huo Thiruchelvan alikuwa hajaoa. Alikiona kile kichanga, akaandika hadithi juu yake, na hadithi haikumtosha. Akamtaka mtoto mwenyewe. Akaambiwa kapera hapewi mtoto. Ndipo akamwendea Indira, jirani yake, akamtaka ndoa. Kwa hiyo Amudha hakuletwa ndani ya ndoa ya watu. Yeye ndiye aliyewaoza wazazi wake.

Baada ya kuambiwa, mtoto anageuka. Anauliza kila mtu, anatoroka mpaka Rameswaram kumtafuta mamaye. Mwishowe wazazi wanakata shauri: tumpeleke. Wanaingia Sri Lanka vita vikiendelea, wanasaidiwa na daktari Msinhala (Wasinhala ndio kabila la walio wengi Sri Lanka), Harold (Prakash Raj), wanapanda kuelekea Mankulam huko kaskazini, wanakutwa na mabomu njiani. Na wanampata. Shyama ni mpiganaji. Anakuja amezungukwa na wenye bunduki, na mtoto ana orodha yake ya maswali.

Hapo kila ninayemjua aliyeiona hulia. Wanamlilia Shyama, na haki yao, Nandita Das hakuwaacha salama. Mimi nimemlilia Indira.

Mwangalieni Indira tangu siku ya kuambiwa. Mtoto anamng'ang'ania baba, mama anaanza kutazamwa kama mtu aliyeficha kitu. Mwanamke huyu alikubali kuolewa akiwa anajua kabisa kwamba posa imekuja kwa ajili ya kichanga. Kamlea, kamwogesha, kampeleka shule, leo anaambiwa wewe si wewe. Na bado anafunga mizigo, anavuka bahari, anajeruhiwa mkononi, ili akamtafute mwanamke pekee duniani anayeweza kumnyang'anya mwanawe. Akishampata, anasimama pembeni. Hamnyimi mtu nafasi. Anasubiri aone kama atabaki na mtoto.

Niseme kwa nini limenikaa. Mimi nililelewa na mama mkubwa, dada yake mama. Sikujua. Nilikuwa na miaka 11, tupo msibani, ninakula ubwabwa na watoto wenzangu, bibi mmoja wa ukoo akanishika kidevu akamuuliza jirani yake: "Ndiye yule aliyeachwa na marehemu?" Basi. Hakuna aliyenikalisha chini. Nilimaliza sahani yangu, na tangu siku hiyo kwa karibu mwaka mzima sikumwita "mama". Nilimwita "mama mkubwa", kwa makusudi, mbele za watu. Aliitika kila mara.

Karibuni tujadili.

---

KidoleJuu

Naweka kambi hapa. Nitarudi nikishaiona.

---

Mzee wa Kibandani

Mkuu pole na hongera. Ila umenikosea kidogo. Vibanda umiza sisi tuliowahi kuviendesha tulionyesha mpaka za kusini, tatizo tuliziita zote za Kihindi na mteja hakuuliza. Mteja alikuwa anauliza jambo moja tu: kuna ngumi? Hii ningeweka, saa ya kwanza wangenirushia maganda ya machungwa.

---

Binti Kilwa

Kaka, filamu nimeiona mara mbili na kuna swali ambalo watu wanaliruka. Nani alimtuma yule baba amwambie mtoto siku ya kuzaliwa kwake? Siku mtoto anasubiri zawadi, wewe unampa msiba. Na kila mwaka siku hiyo itarudi, na kila ikirudi itarudi na hilo. Nampenda Madhavan kama wote, lakini pale nilitamani nimtoe kwenye kioo nimzabe kofi.

Halafu ni mwandishi. Yule mtoto alianza kuwa hadithi yake kabla hajawa mwanawe, wewe mwenyewe umesema. Mimi naona hata siku ile ya kuambiwa bado anaandika hadithi: ametimiza miaka 9, sura mpya inaanza. Mama ndiye anayelala na matokeo.

---

Mwana wa Mbagala

Dada umenipiga pabaya, sikuwa nimeiona hivyo. Ila nikutetee huyo baba kidogo. Siku mbaya ya kuambiwa na baba yako ni bora kuliko siku nzuri ya kuambiwa na bibi wa msibani. Angalau Amudha alipata mtu wa kumkasirikia usoni. Mimi nilikosa mtu, nikamkasirikia aliyekuwa karibu.

---

Binti Kilwa

Hapo sina la kusema.

---

Bi Mvita

Assalaam aleikum. Mimi niko Mombasa, filamu hizi nazitazama na wakaza wanangu, wao wanasoma maandishi ya chini wananieleza. Sisi Waislamu jambo hili tumeelekezwa. Mtoto wa kulea unamlea, unampenda, lakini nasaba yake haifutwi. Surat al-Ahzab aya ya 5 imesema waiteni kwa baba zao. Kwa hiyo kumwambia si hiari ya mzazi, ni haki ya mtoto. Na huambiwi siku moja kwa kishindo. Mtoto anakua akijua, tangu hajui maana yake. "Yule ndiye mamako aliyekuzaa, mimi ndiye niliyekulea." Anaizoea kama anavyozoea jina lake.

Kwa hiyo mie sikasiriki kwa siku ya kuzaliwa. Nakasirika kwa miaka minane ya kunyamaza kabla yake.

Na wewe mwanangu wa Mbagala, huyo mamako mkubwa yu hai?

---

Mwana wa Mbagala

Shikamoo mama. Yu hai, ana miaka 71, magoti yanamsumbua tu.

---

Bi Mvita

Marahaba. Basi mwoneshe.

---

Nahodha Mstaafu

Nimevutiwa na upande wa maji. Ramani ya pale wengi hawaijui. Rameswaram ni kisiwa, kimeungwa na bara la India kwa daraja la Pamban. Kutoka ncha yake, Dhanushkodi, hadi Talaimannar upande wa Sri Lanka ni kama kilomita 30 tu. Hiyo haifiki nusu ya safari ya Dar na Unguja. Dhanushkodi yenyewe ilikuwa mji, ikafagiliwa na kimbunga Desemba 1964, yamebaki magofu.

Kwa hiyo mkisikia "alivuka bahari" msifikirie meli. Ni mashua ya mvuvi, usiku, watu wamejazana, kina kifupi chenye mafungu ya mchanga. Na hapo jirani, Mandapam, ndipo ilipo kambi kubwa ya wakimbizi wa Kitamil. Mwanamke mwenye mimba kwenye mashua kama hiyo, na mawimbi ya pale kati, mimi nimewahi kubeba abiria wa namna hiyo mara moja huku kwetu, sitaki kukumbuka.

---

Mgeni wa Ruwi

Salaam kutoka Muscat. Nachangia kwa sababu nakaa na Watamil. Chumba chetu tuko wanne, wawili wa Tamil Nadu, mmoja wa Jaffna, kaskazini mwa Sri Lanka, na mimi Mpemba. Nimeshajifunza kumwita mkubwa "anna", yaani kaka, na mpishi wa chini tunamwita hivyohivyo hata kama hatujui jina lake. Kama sisi tunavyosema "bro" kwa muuza juisi.

Hawa wawili wa India filamu hii wanaipenda mno, nyimbo wanazo zote kwenye simu. Yule wa Jaffna haitazami. Si kwamba anaichukia. Alisema aliitazama mara moja, akafika pale watu wa kijiji wanapohama, wimbo wa Vidai Kodu Engal Naade unapoanza, akatoka chumbani. Maneno hayo maana yake ni kama "tupe ruhusa twende, ewe nchi yetu". Anayeanza kuimba ni mzee M. S. Viswanathan, ambaye kabla ya Rahman na kabla ya Ilaiyaraaja ndiye aliyekuwa mfalme wa muziki wa filamu za Kitamil. Sauti ya kizee, haina nguvu, inakatika. Nadhani ndiyo maana walimchagua. Kijana angeimba pale angeharibu.

Siku moja niliuweka bila kufikiri, nafua nguo. Yule anna wa Jaffna akaja akauzima mwenyewe, taratibu, akanipa mkono kama kuniomba radhi.

---

Mchambuzi Uchwara

Niwe mchawi wa uzi. Filamu nzuri, picha za Ravi K. Chandran ni za kufa mtu, ila ina ujanja ambao hamuusemi. Vita vimegeuzwa pazia. Tunaona mabomu, tunaona wapiganaji, lakini kwa nini wanapigana? Mtu akiitazama bila kujua chochote atadhani Sri Lanka watu waliamka wakaanza kurushiana risasi. Hataona 1956, serikali ilipoifanya Kisinhala kuwa lugha rasmi pekee. Hataona Julai 1983 Watamil walipochinjwa na kuchomewa maduka Colombo. Anatoka akisema "vita ni vibaya". Asante, tulijua.

Na sehemu kubwa ya hiyo "Sri Lanka" mnayoililia ilipigwa picha India humohumo.

---

Mwana wa Mbagala

Nakubali nusu. Mani Ratnam ana tabia hiyo, hata kwenye Roja (1992) na Bombay (1995) anachukua moto mkubwa wa siasa anauwekea familia moja katikati, na kwenye Roja kwa kweli alinikera. Hapa sioni hivyo, na nitakuambia kwa nini. Anayeuliza "kwa nini" ni mtoto wa miaka 9, na swali lake la kwa nini si la 1956. Anataka kujua kwa nini uliniacha. Ukisimamisha filamu pale umweleze sheria ya lugha, unamjibu swali ambalo hakuliuliza.

Halafu kuna Harold. Msinhala, daktari, anawabeba Watamil watatu kuwapeleka kaskazini. Filamu haimfanyi malaika wala haimfanyi mwakilishi wa kabila lake. Kwa wakati ule, si jambo dogo.

Upande wa tarehe nikupe moja. Filamu imetoka mapema 2002, na Februari ya mwaka huohuo serikali ya Sri Lanka na Tigers, yaani waasi wa Kitamil, wakatia saini kusitisha mapigano, wasuluhishi Wanorwei. Kwa hiyo waliokuwa ukumbini walimsikia Shyama akitaja amani siku ambazo amani ilikuwa inaonekana kama basi lililoshafika kituoni. Sisi tunaoitazama leo tunajua vita vilirudi na vilikwisha Mei 2009, na vilikwisha vipi. Shyama, angekuwa mtu wa kweli, sidhani kama angetoka. Hilo halimo kwenye filamu, lakini huwezi kulitoa kichwani.

---

Mchambuzi Uchwara

Hiyo ya basi nimeipenda. Bado nasimama na nusu yangu.

---

Fundi Redio

Wakuu tuongee sauti basi. Filamu hii ilichukua tuzo sita za taifa India, na moja ni ya kurekodi sauti. Nyingine ni muziki kwa Rahman, mashairi ya nyimbo kwa Vairamuthu, uhariri kwa Sreekar Prasad, msanii mtoto kwa yule binti, na filamu bora ya Kitamil. Msanii mtoto anaitwa Keerthana, ni mwana wa mwigizaji na mwongozaji Parthiban.

Na ule wimbo wa Oru Deivam Thantha Poove, "ua lililotolewa na mungu", upo mara mbili. Mmoja kaimba Chinmayi, binti mdogo, ndio ulikuwa mwanzo wake kwenye filamu. Mwingine kaimba P. Jayachandran, mwanamume mtu mzima. Wimbo uleule, ukiwa kwa mama na ukiwa kwa baba. Sikilizeni kwa spika za masikioni, si za simu, mtanishukuru.

---

KidoleJuu

Nimerudi. Nimeiona jana usiku, nimelala saa tisa, leo kazini naonekana kama nimefiwa.

Mimi kilichonimaliza ni maswali. Mtoto kajiandaa kama anaenda kwenye usaili. Anauliza, Shyama hajibu. Anauliza lingine, hajibu. Nikawa naomba ajibu hata moja, hata uongo. Halafu nikaelewa kwamba jibu lolote atakalotoa atakuwa amejitetea, na yeye hakuja kujitetea. Akabaki analia tu.

Na mtoto hajakasirika! Anamwambia twende wote. Yaani anaalika. Kana kwamba nyumba ya Chennai ina chumba cha wageni.

Na Indira amesimama pale mkono umefungwa bandeji, anasikia mwanawe anamwalika mwenziwe nyumbani kwake. Mleta mada nimekuelewa.

---

Binti Kilwa

Na jina la filamu linalipwa mwishoni kabisa, mvua inanyesha. Saa mbili na zaidi umesahau hata inaitwaje, halafu busu linafika. Na linafika kwa Indira.

---

Mzee wa Kibandani

Vijana mnanipa kazi. Mnipe nyingine za namna hii, za nyumba na watu, kuna mama mmoja jirani kaniomba nimwekee kwenye flashi na ngumi hataki.

---

Mgeni wa Ruwi

Mzee, mwekee Meiyazhagan ya 2024. Arvind Swami alihamishwa na wazazi wake kutoka Thanjavur akiwa kijana kwa ugomvi wa nyumba ya ukoo. Anarudi baada ya miaka mingi kwenye harusi ya binamu yake, usiku mmoja tu. Anapokewa na ndugu mmoja (Karthi) ambaye anajua kila kitu chake, anampenda kupita kiasi, na yeye hakumbuki hata jina la huyo ndugu. Anaona haya kuuliza. Filamu nzima ni hiyo. Mtu yeyote aliyewahi kurudi kijijini akasalimiwa "unanikumbuka?" atajificha chini ya kiti.

---

Mchambuzi Uchwara

Na Thanga Meengal ya 2013, baba na bintiye. Ila mwambie huyo mama awe na leso.

---

Mwana wa Mbagala

Wakuu nimerudi, samahani nilipotea wiki nzima.

Bi Mvita, nilifanya ulivyosema. Jumapili nilikwenda kwa mama na kompyuta, nikaiweka juu ya stuli. Hasomi maandishi ya chini, kwa hiyo nilikaa pembeni yake nikitafsiri kwa sauti. Sikumwambia ni filamu ya nini. Siku ya Amudha kuambiwa nilijikuta nimenyamaza, sentensi mbili zikapita, akasema "mbona hutafsiri?" Nikatafsiri.

Hakulia. Mimi nililia kwa mara ya tatu, yeye anamenya machungwa. Shyama alipokuja alisema tu "kakonda". Ilipokwisha akakaa kimya, nikajua sasa tutazungumza, nimekuwa nikilisubiri hili miaka 27.

Akaniuliza: "Na wale wavulana wawili, muda wote huo walimwachia nani?"

Nikamwambia wamebaki nyumbani, India.

"Wamekula?"

Nikamwambia mama, hilo filamu haikuonyesha.

Akasema huyo mwanamke safari nzima alikuwa anawawaza, na mtu asimdanganye. Kisha akaanza kunihadithia enzi zile alipokuwa ananipeleka kliniki Temeke na kaka zangu anawafungia ndani na uji, na jinsi siku moja alivyorudi akakuta mdogo kalala mlangoni. Hakuwahi kunisimulia. Alisimulia mpaka giza likaingia, umeme ulikuwa umekatika na hatukujua.

---

Bi Mvita

Na ulimwitaje ulipoondoka?